Pindo la Koti la Bluu

Doha, 24 Januari 2025

Mama mpendwa,

Shikamoo. Mimi ni mzima, mgongo tu ndio unalalamika, maana wazee ninaowatunza hapa ni wazito na hawapendi kuinuliwa. Najua utaisoma barua hii ukiwa na kalamu nyekundu mkononi, kwa hiyo nimejitahidi kuandika Kiswahili chako cha darasani. Simu zetu tunaziacha ofisini na kurudishiwa Ijumaa. Siku hiyo ndiyo nasoma barua zako, ndiyo najibu. Ningekupigia, lakini simu ya ndugu yangu Joash ina masikio mengi kuliko nyumba yenyewe.

Mama, vifaa vya masikio vya Ashley nimevinunua! Ni viwili, vidogo kama punje za maharagwe, na fundi amevitengeneza kufuata vipimo vya yule daktari wa Kisii. Nimejinyima mpaka nimesahau ladha ya nyama. Unakumbuka alivyosema daktari: mtoto aliyepoteza usikivu kwa ugonjwa, asiposaidiwa mapema, hata maneno aliyonayo yatamtoka. Sitaki mwanangu aisahau sauti yangu.

Begi linakuja na Beverlyne, yule msichana wa Nyamache tunayefanya kazi naye. Anasafiri Jumapili. Begi lake la mkononi limejaa vitu vyake, hivyo letu litaingia tumboni mwa ndege. Hapo ndipo nilipoogopa, maana visa vya mabegi kufunguliwa njiani tunavisikia kila siku. Nikamuuliza Bravin, si yeye anapakia mizigo pale uwanjani Nairobi? Akaniambia, "Dada, kitu cha thamani hubebwa mkononi. Kama mkono si wako, kiweke ndani ya kitu ambacho mwizi hawezi kukitamani. Na usitie kufuli kubwa, kufuli ni kupiga kelele kwamba humu mna mali." Nimemsikiliza.

Nimevificha wapi, sitaandika hapa, kwa sababu kijana wa saiba anayekuchapishia barua kutoka kwenye kompyuta ana macho. Bravin atalipokea begi kwa Beverlyne na kulituma huko nyumbani. Likifika, usigawe kitu, hata soksi, mpaka tuongee.

Mbusu Ashley.

Mwanao,
Lorna


Nyamira, 4 Februari 2025

Lorna mwanangu,

Tumeibiwa.

Barua yako nimeisoma leo, baada ya mambo yote kupita, kwa sababu wiki nzima nilikuwa na uchumaji wa chai halafu safari ya Nairobi. Begi lilifika Jumatano na zipu imepasuka. Unajua watu wetu, wakisikia mzigo umetoka ng'ambo wanakuja kusalimu, na mgeni hatoki kwangu mikono mitupu. Wa kwanza alikuwa Mama Bravin, amebeba mboga za chinsaga na ndizi mbivu, anakohoa mpaka anashika ukuta. Nilimwonea huruma nikampa lile koti kuukuu la bluu. Nilishangaa hata kwa nini umelipakia, kola yote imeliwa na nondo. Alifurahi, akalivaa pale pale.

Alipoondoka nikafungua kile kisanduku cha juu, chenye picha ya vifaa. Kitupu! Pamba tu. Lorna, nilikaa sakafuni kama mtoto.

Usiniambie habari ya kuficha. Nimekung'uta kila nguo, nimepapasa ndani ya viatu, hata kopo la maziwa ya unga nimelimwaga kwenye sinia. Hamna. Nimempigia Beverlyne, anasema begi alimkabidhi Bravin likiwa zima. Basi nani mwingine? Kikulacho ki nguoni mwako. Mtoto wa shemeji yangu, jirani wa ua kwa ua, na ni mimi niliyemfundisha kusoma!

Sabato nilisimama kanisani nikawaambia watu waombe, na nikamtaja kwa jina. Jumatatu mimi na Joash tulienda hadi kwenye kampuni yake. Walimwita, akaapa, akalia. Hawakutaka maneno mengi, walimvua kitambulisho cha kazi mbele yetu.

Ashley alisimama akinitazama mdomo nikilia. Aliniuliza kwa mikono kama kuna mtu amekufa.

Mama yako,
Jemimah Nyanchoka


Doha, 7 Februari 2025

Mama,

Havikuibwa. Mama, hakuna mtu aliyeiba kitu!

Viko kwenye koti la bluu. Nilivishonea ndani ya pindo, kimoja kulia, kimoja kushoto, kwa uzi mweusi. Kisanduku nilikiacha kitupu makusudi, kiwe chambo: mwizi akifungua begi akione kile, akichukue, aende zake. Zipu itakuwa imepasuka kwa kutupwatupwa tu. Koti nililichagua kwa sababu ni baya. Ni shauri la Bravin neno kwa neno, na ndilo lililovifikisha salama mpaka sebuleni kwako.

Kosa ni langu pia, ningekuambia kwa simu hata kama mtaa mzima ungesikia. Sasa nakuomba, ukimaliza kusoma hapa usipitie sokoni wala nyumbani. Nenda kwa mama mdogo, mama yake Bravin, mwambie ukweli, ufumue pindo mbele yake. Kisha uende kwa wale wa kampuni uwaambie umekosea, na Sabato uwaambie waumini. Itakuwa aibu ya siku moja na watu watacheka, basi. Waache wacheke.

Nimempigia Bravin tangu asubuhi, namba yake haipatikani. Mwambie dada yake anaomba radhi.

Lorna


Nyamira, 26 Februari 2025

Mwanangu,

Tumepata mvua nzuri, chai imechipua na vibarua hawapatikani. Katika barua yako ya mwisho umeandika kwa haraka, koma zimekosekana mahali pengi, lakini nilikuelewa.

Koti bado sijalipata. Mama Bravin alilipeleka kwa dada yake Nyamache, na barabara ile ikinyesha unaijua. Nitalifuata ikikauka. Habari ya Bravin usijali, nimeisawazisha. Amerudi nyumbani kupumzika na amebadilisha namba ya simu.

Mama yake tu ndiye bado ana hasira. Ameita wazee wa ukoo, anataka nyumba zetu mbili ziapishwe kwa emuma, kile kiapo cha mababu ambacho humfuata aapaye uongo, yeye na watoto wake. Nimekataa. Mimi ni shemasi, siwezi kushika mambo ya giza. Wazee walinung'unika lakini pasta aliniunga mkono.

Mwalimu mkuu aliniita. Anasema Ashley anakaa mbele kabisa na bado hapati kitu, na muhula wa pili ukifunguliwa bila vifaa atatuandikia barua ya kumhamishia shule ya bweni ya viziwi. Nimemwambia vifaa viko njiani. Ashley ameacha kusema jina lake vizuri, lile la pili. Hulikata katikati.

Mama yako,
Jemimah


Doha, 28 Februari 2025

Mama mpendwa,

Ahsante kwa kumsafisha Bravin. Nilikuwa sili. Kama mama mdogo bado anadai emuma hata baada ya kuambiwa ukweli, basi hasira yake inachelewa kushuka. Umpe muda. Umefanya vyema kukataa kiapo, na ninajivuna kwamba mama yangu haogopi wazee.

Ila koti, mama, tafadhali. Kodi hata pikipiki uende Nyamache. Nitatuma nauli. Na Bravin, ukimwona, umwambie anipigie Ijumaa yoyote.

Sema na Ashley kila siku, hata kama hasikii. Uweke mkono wake kwenye koo lako ukitaja jina lake.

Lorna wako


Nyakoe, 26 Machi 2025

Dada Lorna,

Sijui kama bado nikuite dada, lakini sina jina lingine la kukuita. Naandika kwa simu ya kuazima, yangu niliuza. Siku hizi kutwa niko Nyakoe, napakia ndizi kwenye pikapu za soko la Daraja Mbili, jioni narudi nyumbani. Mzigo ni mzigo, na angalau ndizi haziniiti mwizi.

Nilikaa kimya kwa sababu nilidhani umeamini. Leo naandika kwa sababu wiki jana Joash alikuja kwetu na blanketi jipya, zito, la maua. Akasema mama yenu amefikiria baridi ya mama, ampe blanketi hili, ila arudishiwe lile koti kuukuu la bluu. Mama alicheka mpaka kikohozi kikamshika. "Huyo mwanamke amemla mwanangu, sasa anataka na tambara? Mwambie koti hili nitazikwa nalo!" Joash akarudi na blanketi lake.

Mimi nikabaki nikifikiria. Nani anabadilisha blanketi jipya kwa tambara? Dada, nimeshika mizigo ya watu miaka saba, mkono wangu unajua kitu kilichofichwa kuliko macho. Mama alipolivua nikapapasa pindo. Kulia kuna kitu kigumu, kushoto kingine, na uzi ni mweusi kwenye koti la bluu. Nilijua hapo hapo. Ni maneno yangu mwenyewe umeyashonea mle.

Koti hilo halijatoka nyumbani kwetu hata siku moja. Mama hulivaa akianika wimbi, hulivaa akienda kuteka maji, na hapo uani kwenu wanamwona.

Sijafungua. Sijagusa hata uzi. Sasa wewe niambie nifanye nini. Nikivirudisha watasema, si mliona, ameogopa emuma. Nikikaa navyo, hapo nitakuwa nimeiba kweli, tena masikio ya mtoto. Mama sijamwambia, maana akijua, ukoo mzima utajua kabla chungu hakijachemka. Na kitu kimoja naomba unijibu bila kunificha: mama yako anajua viko humo? Alijua lini? Kazi iliniuma, lakini hili linaniuma zaidi.

Jumapili nilimwona Ashley barabarani. Nilimwita, hakugeuka. Nilikasirika, nikasema hata huyu mdogo wamemfundisha kunichukia. Nilipiga hatua kadhaa ndipo nikakumbuka hasikii.

Bravin Ondieki


Doha, 28 Machi 2025

Mama,

Leo sina salamu.

Koti halikwenda Nyamache. Bravin hukumsafisha. Ulijua tangu barua yangu ya Februari, na umekuwa ukimwona mama mdogo akipita na masikio ya mwanangu pindoni, kila siku, na unarudi ndani kusahihisha koma zangu. Na emuma ulikataa kwa sababu ulijua kiapo kingemwangukia nani. Usimtie Mungu hapo. Nilijivuna! Nilikuandikia kwamba najivuna!

Nimemjibu Bravin. Nimemwambia ukweli wote, na nimemwambia asilitoe koti. Asimpe Joash, asilitupe uani kwako gizani, asilibadilishe kwa blanketi. Utalifuata wewe mwenyewe, mchana, mahali pale pale ulipomwita mwizi na mbele ya watu wale wale. Usiseme "viliokotwa". Usiseme "vilipatikana". Utasema ulivyosema na lini ulijua.

Usidhani sioni ninachofanya. Kila siku utakayokawia ni siku ya mwanangu kukaa kwenye ukimya, na sasa hata mimi nimeushika ukimya huo kwa mkono wangu. Nimelia mpaka mzee mmoja ninayemtunza akanipa leso yake. Lakini vikirudi kimyakimya, Ashley atasikia na Bravin atabaki mwizi mpaka kaburini, na siku moja mtoto atauliza masikio yake yalitoka wapi.

Shule inafunguliwa mwisho wa Aprili. Wewe ndiwe unayejua.

Lorna


Nyamira, 22 Aprili 2025

Lorna,

Barua yako sijaisahihisha. Nilikawia kuijibu kwa sababu kila nilipofika saiba kijana aliniamkia, "Mwalimu," nikaondoka.

Nilienda, ujue. Siku ile ya Februari nilitoka saiba nikaenda moja kwa moja mpaka kwa Mama Bravin, kama ulivyoniomba. Alikuwa anaanika wimbi, amelivaa. Nilikuwa na maneno yote mdomoni. Akainua uso akaniuliza, "Umekuja kunifunga na mimi?" Wanawake wawili waliokuwa naye wakacheka. Nikageuka. Nikasema nitakuja kesho. Kesho nikasema Sabato. Sabato ilipofika nilikuwa nimekaa kiti cha mbele, nasoma somo la ukweli kwa watoto, na hapo ndipo niliposhindwa kabisa.

Wewe hujui ilivyo. Nusu ya kijiji hiki nimewafundisha kusoma. Waliokosea niliwachapa, na waliosingizia wenzao niliwachapa mara mbili. Leo mimi nisimame niseme nini? Nilidhani nikilipata koti taratibu, mtoto atasikia, watu watasahau, na Bravin ni kijana, atapata kazi nyingine. Ndivyo nilivyojidanganya, na nilijidanganya vizuri, kwa Kiswahili sanifu.

Nakuogopa, mwanangu. Sikujua nimezaa mtu anayeweza kunifundisha adabu kwa masikio ya mjukuu wangu. Lakini maji yakimwagika hayazoleki. Nimemtuma Joash kwa Bravin. Waje Sabato hii baada ya ibada, yeye na mama yake, na koti. Ashley nitakuja naye.

Jemimah


Nyamira, 8 Mei 2025

Mama,

Hujambo? Mimi sijambo. Mjomba Joash amenipa simu yake niandike mwenyewe. Amesema nikuambie yote kwa sababu wewe hukuwepo.

Sabato ile watu walikaa nje ya kanisa, hawakwenda nyumbani. Mjomba Bravin alikuja na mama yake na koti. Aliliweka mezani akamwonyesha mzee wa kanisa kwamba uzi wako haujakatwa. Nyanya akashika wembe akafumua. Uzi ulimshinda, mzee akataka kumsaidia, mjomba Bravin akasema hapana. Vikatoka viwili, na vumbi kidogo. Nyanya akaanza kufungua mdomo kusema na watu. Mjomba Bravin akamzuia kwa mkono. Mimi sikusikia alichosema lakini Joash ameniambia. Alisema, "Mvishe mtoto kwanza."

Joash akasoma karatasi ya maelezo akanivisha. Kitu cha kwanza nilichosikia kilikuwa kikohozi cha Mama Bravin, nikadhani ni mbwa. Halafu nikasikia viti. Halafu nyanya. Nilikuwa nimesahau sauti ya nyanya. Ni nzito kuliko nilivyokuwa nikiiwaza.

Alisema Bravin si mwizi. Alisema yeye alimwita mwizi kabla ya kujua, halafu akajua, halafu akanyamaza. Alijua tangu Februari. Watu wakanyamaza wote, nikadhani vifaa vimeharibika, nikavigonga kwa kidole. Vilikuwa vizima.

Mjomba Bravin alisema, "Ahsante, mwalimu." Akachukua koti, akamvisha mama yake, wakaenda. Chakula kilikuwa kimepikwa lakini hawakula. Nyanya ameandika barua kwa kampuni, wamesema nafasi ya mjomba Bravin ina mtu mwingine. Mama Bravin akipita hapa kwetu anatazama upande wa migomba.

Walipoondoka nyanya alilia. Sikupenda kusikia, nikavitoa nikaviweka mfukoni.

Sasa niko shuleni kwetu pale pale, sihamishwi. Nasikia kengele na mvua kwenye mabati. Daktari wa Kisii anasema nivivae kutwa. Shuleni navivaa. Nyumbani navitoa. Nyanya anajua, haniambii kitu. Akitaka kuniita anakuja mpaka mbele yangu, anainama, ili niuone mdomo wake.

Joash anasema Ijumaa utapiga simu ili nisikie sauti yako. Lakini siku ile nyanya aliwaambia watu kwamba na wewe ulijua tangu Machi koti liko wapi, na ukasema vifaa visubiri. Nimemuuliza Joash kama ni kweli, akaangalia chini. Kwa hiyo Ijumaa piga, mama, nitakaa karibu na simu. Sijaamua kama nitavivaa.

Mimi,
Ashley